Vesti za GPS siku ya mechi: mwongozo kwa kocha wa viungo anayeanza

Kila klabu inaponunua vifaa hivi, maswali ni yale yale. Mwamuzi atakubali? Mbona winga ameandikiwa kasi ya kilomita 47 kwa saa? Kwa nini namba za jana hazifanani na za wiki iliyopita ilhali timu ilicheza vilevile? Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu maandalizi ya wiki ya mechi hadi ripoti inapofika mezani kwa kocha mkuu. Ni kwa ajili ya anayebeba begi la vifaa na kompyuta: kocha wa viungo, mchambuzi wa video, au mtunza vifaa aliyekabidhiwa kazi bila mafunzo.

Nadharia ni fupi. Kidude kinachokaa kwenye mfuko wa vesti, mgongoni kati ya mabega, kina uzito wa kama gramu 50. Ndani yake mna kipokezi cha setilaiti, kinachojua mchezaji yuko wapi na anakwenda kwa kasi gani, na sensa za mwendo, zinazohisi kugeuka, kuruka na kugongana. Kifaa cha kuaminika kwa mpira wa miguu hupima mahali mara 10 kwa sekunde na mwendo mara 100. Chenye kupima mara moja kwa sekunde kiachie wakimbiaji wa barabarani. Hakiwezi kunasa mbio fupi za beki wa pembeni. Mapigo ya moyo hupimwa na mkanda wa kifuani, au na elektrodi (vipande vinavyonasa ishara za moyo kwenye ngozi) zilizoshonwa ndani ya vesti.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kifaa kimoja kwa kila mchezaji wa kikosi cha siku hiyo na viwili vya akiba. Bajeti ikibana, anza na wachezaji 10 wa uwanjani na wanne wa benchi wanaoingia mara kwa mara. Kipa anaweza kusubiri.
- Vesti mbili kwa kila mchezaji, za saizi yake mwenyewe.
- Kasha la kuchajia, waya wake na ekstensheni.
- Kompyuta mpakato yenye programu ya kifaa, iliyokwisha kufunguliwa na kusasishwa nyumbani. Intaneti ya uwanjani usiitegemee.
- Daftari, kalamu mbili, na saa inayoonyesha sekunde.
- Mswaki mkavu, spiriti na kitambaa laini.
- Nakala ya cheti cha kifaa na fomu za ridhaa zilizotiwa saini.

Hatua za kazi

1. Omba ruhusa wiki ya mechi, si siku ya mechi.

IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, ilifungua mlango kwa vifaa hivi mwaka 2015, na leo vimo katika Kanuni ya 4 ya Sheria za Mchezo kwa jina la EPTS, yaani mifumo ya kielektroniki ya kufuatilia utendaji wa wachezaji. Mwandaaji wa mashindano ndiye anayetakiwa kuhakikisha kwamba kifaa si hatari na kina alama ya ubora inayohitajika. Kwa hiyo tuma barua kwa bodi ya ligi ukitaja aina na modeli, ambatanisha cheti, kisha lilete jambo hilo kwenye kikao cha maandalizi ya mchezo, kamisaa na waamuzi wakiwepo. Mashindano yakikataa, vitumie mazoezini na usijaribu kuvificha chini ya jezi.

Ruhusa hiyo haihusu saa za mkononi wala pete za kupima usingizi. Hizo zinavuliwa, na kuzifunika kwa plasta hakusaidii kitu.

2. Pata ridhaa ya mchezaji kwa maandishi.

Mapigo ya moyo ni taarifa za afya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina sheria yake ya 2019, na zote zinazipa taarifa za namna hii ulinzi wa pekee. Fomu yako iseme kinapimwa nini, nani ataona, zitahifadhiwa muda gani, na kwamba mchezaji ana haki ya kuziona zake. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi atie saini. Kurusha ripoti kwenye kundi la WhatsApp la timu ni kosa linalofanyika kila mahali, na ndilo linalowafanya wachezaji wavichukie vifaa hivi: namba ya mtu inageuka matani leo, na kesho inatumika kumpunguzia mkataba.

3. Chaji usiku wa kuamkia mechi.

Betri mpya hudumu saa tano au sita. Iliyotumika misimu kadhaa hudumu pungufu. Weka vifaa vyote kwenye kasha mapema jioni ili umeme ukikatika ubaki na muda. Hakikisha taa ya kila kifaa inawaka, maana kimoja kikikaa vibaya kwenye kitako chake hakichaji hata kama kasha zima linawaka. Pakua kisha ufute rekodi za zamani. Mwisho, oanisha namba ya kifaa na jina la mchezaji.

Kila mchezaji abaki na kifaa chake msimu mzima. Vifaa viwili vya modeli moja havipimi sawasawa kabisa, na ukivichanganya utaona mabadiliko ya kifaa ukadhani ni mabadiliko ya mchezaji.

4. Washa nje, penye anga wazi.

Mechi ikiwa saa 10:00 jioni, washa vifaa saa 8:50 mchana. Vipange kwenye nyasi, upande wa antena ukitazama juu, uviache dakika 15. Usiviwashe ndani ya chumba cha kubadilishia nguo wala chini ya paa la jukwaa: ishara za setilaiti zinazuiwa na zege au zinagonga bati na kurudi zimepotoka. Kwenye viwanja vyenye paa kubwa juu ya majukwaa, kama Benjamin Mkapa, sogea hadi karibu na katikati ya uwanja. Saa 9:05 wagawie wachezaji, na saa 9:15 waanze kupasha misuli moto.

Wakirudi ndani kabla ya mechi, usizime. Kifaa kitapoteza setilaiti kwa muda na kuzipata tena haraka wakitoka. Ukikizima, kitaanza upya, na dakika za kwanza za mechi zitakuwa na mashimo.

5. Hakikisha vesti imebana.

Simama nyuma ya kila mchezaji, mwambie aruke mara tatu. Kifaa kikicheza mfukoni, vesti ni kubwa. Kinachocheza husajili mitikisiko ambayo mwili haukuipata, na hesabu ya kugongana na kufunga breki inapanda bila sababu. Angalia pia kwamba hakijaingizwa kichwa chini au kinyumenyume.

Kama unapima moyo, lowesha elektrodi kwa maji ya kawaida kabla ya kuvaa. Ngozi kavu haipitishi ishara. Mafuta ya kupaka na dawa za kuchua zikigusa elektrodi zinaharibu kipimo, hivyo anayechua wachezaji aambiwe mapema asifike kwenye mstari wa mkanda.

6. Andika muda wa kila tukio.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, tena kwa uzembe mdogo tu. Kifaa kinarekodi tangu kilipowashwa hadi kilipozimwa: kupasha misuli, kukaa vyumbani, kipindi cha kwanza, mapumziko, kipindi cha pili, na mchezaji kuwapungia mkono mashabiki. Hakijui filimbi imepigwa saa ngapi. Wewe ndiye unayejua.

Andika kwa saa, dakika na sekunde: filimbi ya kuanza, filimbi ya mapumziko, kuanza kipindi cha pili, mwisho, na kila badiliko: nani katoka, nani kaingia. Aliyetolewa kwa kadi nyekundu au aliyetibiwa nje ya uwanja kwa dakika nne naye aandikwe.

Tumia mtindo wa saa 24. Programu itakuonyesha 16:02:15, nawe ukiwa umeandika 10:02 kwa saa zetu, usiku ukiwa umechoka utajichanganya. Kagua pia ukanda wa saa wa kompyuta. Kifaa huchukua muda wa setilaiti, ambao uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na kompyuta iliyowekwa ukanda mwingine itasogeza mechi nzima.

7. Wakati wa mchezo, angalia mpira.

Mifumo mingine hutuma data moja kwa moja hadi benchi la ufundi, na kanuni inaruhusu kompyuta ndogo au tableti pale. Ushauri wetu kwa klabu inayoanza: msimu wa kwanza achana nayo. Namba ya mchezaji dakika ya 60 haina maana kama hujui kawaida yake dakika ya 60, na kawaida hiyo hupatikana baada ya mechi nyingi zilizorekodiwa vizuri. Kiungo mkabaji anaweza kuonekana amepunguza kasi kwa sababu timu imeongoza na imerudi nyuma, si kwa sababu amechoka.

Onyo kuhusu moyo. Mkanda wa kifuani unahesabu mapigo. Haugundui ugonjwa wa moyo wala hautabiri kuanguka. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani mjini Lyon mwezi Juni 2003 na kufariki. Christian Eriksen alianguka Copenhagen mwezi Juni 2021 na akaokolewa, kwa sababu kifua chake kilianza kukandamizwa palepale na mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu. Kwa hiyo kama fedha zinatosha kitu kimoja kati ya mikanda ya mapigo na mashine hiyo, nunua mashine, na ufundishe watu kuitumia. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, usitazame skrini. Mwite daktari, anzeni kukandamiza kifua, leteni mashine.

Vesti nyingi pia hazipimi joto la mwili. Kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, mizani ya bafuni inakusaidia zaidi: mpime mchezaji akiwa na bukta tu kabla ya mechi na tena baada ya kujifuta jasho. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Mwenye kilo 70 akipungua zaidi ya kilo 1.4, yaani asilimia 2, mpango wake wa kunywa maji unahitaji kurekebishwa.

8. Kusanya mwenyewe, mlangoni.

Simama kwenye mlango wa chumba na kasha mkononi, pokea kifaa kimoja kimoja, weka alama kwenye orodha. Ukiwaachia wakiweke kwenye begi la jezi chafu, kimoja kitaishia kwenye maji ya kufulia. Anayetolewa kwa badiliko abaki na kifaa chake mwilini hadi mwisho, au akikabidhi, uandike muda.

9. Pakua, kisha kata vipindi.

Pakua usiku huohuo. Kata data kwa kufuata daftari: kupasha misuli peke yake, kipindi cha kwanza, kipindi cha pili, na kwa kila aliyeingia, kuanzia sekunde aliyokanyaga uwanja.

Mfano. Winga amekimbia mita 10,340 kwa dakika 94. Hiyo ni mita 110 kwa dakika, mechi ya kawaida kabisa. Ukisahau kuondoa dakika 15 za mapumziko, mgawanyo unakuwa dakika 109 na anashuka hadi mita 95 kwa dakika. Kocha mkuu atakuuliza kijana ana tatizo gani, wakati tatizo liko kwenye kompyuta yako. Ukisahau kuondoa kupasha misuli, jumla yake inapanda kwa kilomita nzima au zaidi na anaonekana shujaa.

10. Safisha kabla ya kuamini.

Fungua grafu ya kasi ya kila mchezaji. Kilima cha kweli kina mteremko pande zote mbili, maana mtu huongeza kasi na kuipunguza. Kosa la setilaiti ni sindano: linapanda na kushuka ndani ya nusu sekunde. Usain Bolt alipoweka rekodi ya sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009, kasi yake ya juu ilikuwa karibu kilomita 44.7 kwa saa, hivyo winga wako hajafika 47. Chochote kinachozidi 36 kichunguze kwanza. Angalia pia idadi ya setilaiti na thamani ya HDOP, namba inayoonyesha jinsi setilaiti zilivyokaa angani kwa ajili ya kupima mahali: HDOP iliyo karibu na 1 au chini yake ni nzuri, na ikipita 2 usiitegemee sehemu hiyo. Kama sehemu kubwa ya kipindi imeharibika, andika "hakuna data". Usijaze kwa kukisia.

11. Andika ripoti ya ukurasa mmoja.

Programu inaweza kukupa safu mia. Kocha mkuu mpe tano: umbali wote, mita kwa dakika, umbali wa kasi kubwa (zaidi ya kilomita 19.8 kwa saa), umbali wa mbio kali (zaidi ya 25.2), na idadi ya kuongeza kasi na kufunga breki kulikozidi mita 3 kwa sekunde kwa sekunde. Mipaka hiyo ya kasi imezoeleka kwa wanaume. Ripoti ya FIFA ya Kombe la Dunia la Wanawake 2019 ilitumia 19 na 23. Ukichagua mipaka, usiibadilishe katikati ya msimu.

Mlinganishe mchezaji na nafsi yake. Beki wa kati mwenye kilomita 9.5 si mvivu kuliko kiungo mwenye 11.5; kazi zao ni tofauti. Aliyeingia dakika ya 68 akakimbia mita 3,510 kwa dakika 27 ana mita 130 kwa dakika, lakini hilo halimfanyi bora kuliko aliyeanza, kwa kuwa aliingia miguu ikiwa mipya. Mapigo ya mechi ya Dar es Salaam nayo usiyalinganishe na ya Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,700 na yenye baridi.

Ripoti iishe kwa uamuzi. Wenye kukimbia sana kwa kasi wapumzishwe kesho yake. Waliocheza dakika chache wakimbie siku hiyohiyo au kesho yake, mbio sita hadi nane za mita 60, wakitembea kurudi. Anayekaa benchi wiki tatu bila kugusa kasi yake ya juu, kisha akaanzishwa ghafla, ndiye unayemuweka kwenye hatari ya kuchanika nyama za paja. Hapa ndipo vifaa hivi vinalipa gharama yake, na ajabu ni kwamba klabu nyingi humwangalia aliyekimbia sana tu.

12. Safisha vifaa kabla ya kulala.

Jasho ni chumvi, na hewa ya pwani inaongeza. Futa kila kifaa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, sugua pini za kuchajia kwa mswaki mkavu, ukiona ukijani tumia spiriti, na ukiache kikauke kabla ya kukirudisha kwenye kasha. Vesti zifuliwe kwa maji baridi na sabuni laini, bila jiki na bila dawa ya kulainisha nguo, zianikwe kivulini. Pasi marufuku.

Mambo yanapokwama

Kifaa kinawaka lakini hakipati setilaiti. Kiweke katikati ya uwanja dakika 15 bila kukigusa. Kama kimesafirishwa mbali au hakijatumika wiki nyingi, huchukua muda mrefu zaidi mara ya kwanza. Kikigoma wakati vingine vimepata, chukua cha akiba na uandike namba yake mpya papo hapo.

Mapigo yanaonyesha sifuri au yanarukaruka. Mara nyingi elektrodi zimekauka au mkanda umeteleza. Namba inayoruka hadi 220 na kurudi ndani ya sekunde chache kwa kawaida ni msuguano wa jezi. Lakini mchezaji akisema alihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kwenda ovyo, usimwambie ni mkanda. Daktari amwone kabla hajagusa mpira tena.

Wachezaji wawili wana namba zisizo zao. Wamebadilishana vesti chumbani. Fungua ramani ya mienendo: beki wa kushoto aliyeshinda upande wa kulia anakuonyesha jibu. Badilisha majina kwenye programu na uandike kwenye daftari.

Rekodi inakatika dakika ya 70. Betri imechoka, au kifaa kilizimwa kwa kugongwa kwenye kitufe. Kijaribu kwa kukiacha kimewashwa nje saa tatu. Kikizima tena, hakifai kwa mechi.

Kompyuta haikioni kifaa. Safisha pini, badilisha waya, jaribu mlango mwingine wa USB, na tu baada ya hapo uwashe kompyuta upya. Usikifute kifaa wala kukirudisha kwenye hali ya kiwandani kabla ya kupakua, hata kama programu inakuomba.

Mchezaji hataki kuvaa. Muulize sababu kabla ya kumlazimisha. Vesti ikimbana kwapani, mpe saizi nyingine. Akiogopa namba zake zitatumika dhidi yake, mwonyeshe fomu aliyosaini na ripoti zake mwenyewe, nyinyi wawili tu. Asiyeridhika baada ya hapo acheze bila kifaa, na kwenye safu yake uandike "hakuvaa".